Odette, Daktari wa Macho Aliyezalisha Wanawake wa Likasi

Jamani, simu ya asubuhi imeniletea msiba, na mpaka sasa kichwa kinakataa. Docteur Odette? Odette wangu? Eh Mungu!

Ninyi vijana mnaonisoma hapa hamkumjua. Leo nalia, lakini pia nataka kupiga vigelegele, basi acheni nisimulie!

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Likasi. Yeye alikuwa bingwa wa macho. Macho tu! Ukimwambia tumbo linauma, anakuonyesha mlango wa mwenzake.

Halafu mambo yakaanguka. Viwanda vikanyamaza, mishahara ikapotea, treni zikaondoka na watu na magodoro yao. Daktari wa upasuaji akaenda. Wa watoto akaenda. Wa wazazi, yule wa kuzalisha, naye akaenda.

Asubuhi moja wakamleta Mama Feza kutoka Tshangalele, kwenye baiskeli ya wauza samaki. Uchungu umemchosha, mtoto amekingama tumboni. Gari la kumpeleka Lubumbashi lipo, mafuta hakuna.

Mume wake akasema, "Docteur, bantu banasema weye uko wa macho."

"Ndiyo, njo vile, papa. Miye niko wa macho. Lakini ule wa bazazi alishakwenda, na mutoto hawezi kumungojea."

Akanigeukia mimi, aliyezoea kuniita yaya, yaani dada. "Yaya Bea, nilifanya stage ya maternité, mazoezi ya kuzalisha, nikiwa mwanafunzi. Tuombe, tuingie."

Tuliomba tukinawa mikono. Alipokuwa akikata alitaja kila tabaka kwa sauti, ngozi, mafuta, misuli, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali.

Na mtoto akalia! Wee! Alilia mpaka mume akapiga magoti nje kwenye korido!

Odette alimshona Mama Feza taratibu, kama anashona kope. Kovu lile, jamani, uzi mwembamba! Habari ikafika sokoni, ikafika Kamatanda. Wajawazito wakaja: "Sisi tunataka ule wa macho!"

Miaka ikapita, akazalisha wengi. Mvi zilipoanza kuota, akafunga begi akaenda chuo Lubumbashi kusomea uzazi. Alikaa benchi moja na watoto wa rafiki zake!

Nikamuuliza, "Docteur, shule tena ya nini? Si unajua kazi?"

Akacheka, kisha akanishika mkono. "Yaya, siku ya Mama Feza nilitetemeka moyoni. Hakuna aliyeona. Sitaki mwanamuke mwingine alale mbele yangu nikitetemeka."

Akarudi na ubingwa wa pili. Mlangoni akaandikisha: MACHO NA UZAZI. Tulicheza korido nzima, mimi na yeye, na mafundi wa maabara wakipiga ndoo!

Odette, kesho tunakusindikiza. Kina mama wamekwishaanza kufika, kila mmoja na mtoto uliyempokea. Watoto wengine sasa wana ndevu, dada yangu! Wanagombea nani abebe jeneza lako.

Lala muzuri, Docteur. Batoto bako banakubeba.