Hakuna Aliyeuliza Habari za Mkono

Mwaka ule wa 1966, tangazo la ndoa ya Alungat lilikuwa limesomwa kanisani Buteba, upande wa Uganda, mara mbili, likabaki la tatu. Bibi arusi alikuwa na miaka ishirini na minne. Mchumba wake alikuwa Patroba, fundi cherehani Msamia wa upande wa Kenya, aliyeshonea kwenye baraza la duka moja pale Busia ya Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Patroba hakujua Kiteso, Alungat hakujua Kisamia. Walichumbiana kwa Kiswahili cha sokoni, wakaelewana kuliko wengi wenye lugha moja.

Walikuwa wameahidiana kungoja hadi siku ya ndoa. Wazo lilikuwa la Alungat. Patroba alikubali, kisha akaanza kuipunguza ahadi kidogo kidogo.

"Mkono si kulala na mtu," alimwambia mchana mmoja wa Januari, wakiwa wawili tu chumbani kwake. "Mkono hauleti mimba, hauleti ugonjwa."

Alungat alifikiri, akaona ni kweli. Naye alitaka. Jambo hilo hakulikana hata baadaye, alipokutana na watu ambao wangefurahi kama angelikana.

Siku hiyo kidole cha shahada cha Patroba kilikuwa na kidonda kidogo cha mviringo, kingo zake ngumu. Alipomuuliza, Patroba alisema kachomwa na sindano ya cherehani, wala hakimuumi.

Katikati ya Februari Alungat alijikuta na kidonda cha namna hiyo hiyo, mahali ambapo asingeweza kumwonyesha mama yake. Hakikuwasha wala kuuma. Akaenda dispensari kwa dresa, mfunga vidonda, aliyeitwa Ofwono, ambaye watu wote walimwita daktari. Chumba chake kilikuwa na pazia badala ya mlango, na foleni ilikaa nje ya pazia.

"Umelala na wanaume wangapi?" Ofwono aliuliza.

"Hata mmoja."

Ofwono akacheka kidogo huku akiandika. "Hii ni kaswende. Kaswende hainyeshi na mvua. Enda Tororo wakupime damu, na hiyo uongo yako uache hapa."

Alungat alipofunua pazia, kila mtu kwenye foleni alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

Jumapili tangazo la tatu halikusomwa. Katekista Egau aliwaita baada ya ibada: Alungat, mama yake Adeke, na Patroba. Akasema amesikia habari ya aibu na anataka kujua ukweli.

Patroba alisimama. "Mwalimu, naapa mbele ya Mungu, sijalala na huyu dada hata siku moja. Muulizeni mwenyewe."

Wote wakamgeukia Alungat. "Ni kweli," alisema.

"Basi," akasema Patroba, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "kama ana ugonjwa, si wangu."

Alungat alimtazama. Kila neno la kiapo chake lilikuwa la kweli, na alichokijenga juu yake kilikuwa uongo. Alitaka kusimama na kueleza habari za mchana ule wa Januari, lakini mama yake alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, na ulimi ukagoma. Kwa miaka mingi baadaye, kati ya yote aliyotendewa, kilichomkasirisha zaidi ni kule kunyamaza kwake.

Alungat na mama yake walirudi nyumbani kwa miguu, wakavuka kijito.

"Mwanangu, niambie jina lake," Adeke alisema.

"Jina la nani, mama?"

"La huyo mwingine."

Alungat alikwenda mbele peke yake, akitembea upesi kiasi kwamba kilemba kilimdondoka na hakurudi kukiokota.

Kesho yake alipanda basi kwenda Tororo. Alikuwa amejiandaa kutukanwa tena. Muuguzi aliyempokea hospitalini, Benedeta, alikuwa mwanamke wa makamo asiyetabasamu, na jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango. Alimkagua, akamtoa damu, akanawa, akaketi.

"Sijalala na mtu, Sista," Alungat alianza, kwa ukali.

"Sijakuuliza umelala na nani. Nauliza, pale penye kidonda paliguswa na nini?"

Alungat aliutazama mlango uliofungwa. "Mkono."

"Mkono wa nani? Ulikuwa mzima?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za mkono. Alungat akaeleza kidole, kidonda, na maneno ya sindano. Benedeta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ugonjwa huu hauhitaji kitanda," alisema. "Unahitaji kidonda na mahali laini pa kuingilia. Kwa mkono si mara nyingi, lakini hutokea. Mkunga mwenzangu aliupata kidoleni, akizalisha bila glavu. Naye walimuuliza amelala na nani."

Akamdunga penisilini, akampa siku za kurudi kudungwa tena. "Kidonda kingekauka hata bila dawa. Hapo ndipo watu hudanganyika: nje pamekauka, ndani ugonjwa unaendelea, mpaka madoa yanatokea viganjani. Sasa niletee huyo mwanamume. Na yeyote mwingine aliyekuwa naye."

Kurudi Buteba, Alungat alimwambia mama yake kila kitu, neno kwa neno, na mkono akautaja. Adeke alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akainuka, akafunga kitenge, akasema, "Twende Busia."

Walimkuta Patroba akishona suruali, wateja wawili wakingoja.

"Fungua viganja," Alungat alisema.

"Kwa nini?"

"Sista amenieleza ugonjwa unavyoendelea. Fungua."

Hakufungua. Adeke akamshika kifundo cha mkono wa kulia, kama anavyoshikwa mtoto aliyeiba sukari, akakigeuza. Kiganja kilikuwa na madoa mekundu ya rangi ya shaba.

"Ni joto la pasi," alisema Patroba.

"Kidole ni sindano, kiganja ni pasi," Adeke akasema. "Hii kazi ya kushona ina ugonjwa mingi."

Wateja wakajifanya wanatazama barabara. Alungat alisema kwa sauti ambayo duka zima lilisikia: "Ulimwapia Mungu ukijua unachokificha. Uliniacha nisimame pale kama malaya ili wewe ubaki msafi. Leo unakwenda Tororo, au kesho naja hapa na Mwalimu Egau. Na huyo mwingine ni nani?"

Patroba alitazama cherehani. Jina lilitoka polepole: Elinah, muuza mihogo, nyuma ya soko la upande wa Kenya.

Alungat alivuka mpaka akiwa amepanga matusi yake kwa utaratibu, ya Kiteso kwanza, halafu ya Kiswahili. Elinah alitoka mlangoni akijishika kiuno. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Wewe ndiye wa Buteba," Elinah alisema. "Aliniambia wewe ni dada wa kanisani tu. Mimi ananioa baada ya mavuno."

Matusi yote yalimpotea Alungat. Hasira haikupotea, ila ilihama pale mlangoni, ikamrudia Patroba. "Umewahi kuwa na kidonda?"

"Kilikuja, kikapona chenyewe."

"Hakikupona. Vaa viatu."

Elinah alidungwa siku hiyo hiyo. Alungat alimsindikiza kila safari ya Tororo, wakiwa hawana mengi ya kuongea. Mwezi wa Mei Elinah alijifungua mtoto wa kike, mwenye sauti kali, mzima.

Patroba naye alikuwa amekwenda, akatibiwa. Kisha Egau akaja nyumbani kwa Adeke, akakalishwa, akasema kwamba mambo sasa yamejulikana, kijana amepona na ametubu, na tangazo la tatu linaweza kusomwa.

"Mwalimu, damu yake imepona," Alungat alimjibu. "Ulimi wake bado."

"Kusamehe ni agizo, mwanangu."

"Uliposikia habari yangu ulizuia tangazo siku tatu tu baadaye. Habari yake umeijua tangu Machi. Umemwita kanisani?"

Egau akaaga.

Mwezi uliofuata, kina mama wa kanisa walipokutana, Alungat alisimama bila kualikwa akawaeleza: kidonda kisichouma, kidole, mkono, sindano za Tororo. Wawili walitoka nje. Mmoja wa waliobaki alimfuata baadaye kisimani, akatazama huku na huku, akamuuliza basi la Tororo linaondoka saa ngapi.