Kompyuta ya Kutomwamsha Mlinzi

Walipofika ghorofa ya pili, mume alikuwa anatembea amefumba jicho moja. Mtaa huo hawakuujua. Walikuwa wameuliza njia hadi wakachoka. Duka la kompyuta lilikuwa mwisho wa korido, likipakana na fundi cherehani. Mke aliangalia kwanza benchi la wateja, akalibonyeza kwa kiganja. Akaridhika.

"Karibu dada. Unatafuta ya namna gani?" muuzaji aliuliza.

"Ndogo ya mezani. Ya kuandikia programu na kupigia hesabu za mito."

Kazi yake ilikuwa kukadiria mto utafurika lini, na aliifanyia nyumbani, kwenye chumba kimoja ambamo mumewe, mlinzi wa usiku, hulala mchana. Kompyuta yao ya zamani ilikuwa na feni iliyounguruma kama mashine ya kusaga. Mume aliukosa usingizi nyumbani, akaupata getini. Bosi alimkuta amekumbatia rungu, anakoroma. Akamwambia: nikikukuta hivi tena, huna kazi.

"Lala," mke alimwambia sasa, akimwonyesha benchi. Mume hakuhitaji kubembelezwa.

Muuzaji alileta kisanduku chenye taa za rangi. "Hii ni moto wa kuotea mbali."

Mke alichomeka diski yake, akaanzisha hesabu ya mto. Punde feni ikashika kasi. Mume akafumbua macho.

"Lori limeingia?"

"Hamna lori. Lala."

Ya pili ilitulia mpaka hesabu ilipopamba moto. Mume aliketi, akapapasa tochi.

"Shemeji ana masikio ya paka!" muuzaji akasema. "Mbona cherehani ya jirani haimwamshi?"

"Cherehani haipiti getini. Yeye anaamshwa na kinachofanana na gari."

Muuzaji akafikiri, kisha akatoa kwenye kabati la chini kisanduku cha kijivu, mgongo wake wa bati. "Hii haina feni kabisa. Ila sikufichi dada, ni kobe. Hesabu ya saa moja itakula tatu."

Mke alisita. Makadirio yalitakiwa ofisini kila jioni, na yeye alizoea kuanza baada ya chakula cha mchana. Aliwasha. Bati likapata joto, chumba kikabaki kimya. Kutoka kwenye benchi kukasikika mkoromo mpana, wa mtu asiye na deni na usingizi.

"Nitakuwa naanza asubuhi," alisema. "Nachukua hii."

Akalipa, akaiviringisha kwenye kitenge, akaitia kikapuni.

"Na shemeji?" Muuzaji sasa alikuwa ananong'ona.

"Mwache. Anaingia kazini jioni. Mwamshe kabla hujafunga."

"Nitamwamshaje?"

"Washa ile ya kwanza."

Alivua viatu, akavishika mkononi, akashuka ngazi. Muuzaji akarudi kwenye kiti chake. Mteja mwingine alipotokea mlangoni, alimwonyesha benchi, akaweka kidole mdomoni.