Siku Niliyouombea Upanga

Usiku kucha niliwaza: nikiuinamia upanga, nitakuwa nimeabudu sanamu? Nilikuwa nimekubaliwa kwa majaribio katika kikundi cha mtaa wa Observatory kinachojifunza kutambua panga za kale za Kijapani, na sheria yao ni kuinama kabla ya kuushika upanga.

Asubuhi nilimpitia shangazi saluni kwake, mtaa wa Yeoville, nikamweleza.

"Eish, mtoto wewe! Digrii yote hiyo na unaogopa kisu? Inama, lakini moyoni umwombe Mungu wako."

Zamu yangu ilipofika niliinama, nikafumba macho, nikaomba. Nilimshukuru Mungu kwa mhunzi, kwa michoro ya mawimbi kwenye makali, hata kwa kutu ya chini ya mpini inayoonyesha umri wa upanga. Nikazikemea na roho za waliokatwa. Nilipofumbua jicho moja, kikundi kizima kilikuwa kimeinama, kikinisikiliza. Kumbe nilikuwa naomba kwa sauti!

"Nzuri sana," mwalimu akanong'ona. "Kijapani hicho cha kale umejifunzia wapi?"

Wote wakanitazama kwa heshima. Ningeweza kutabasamu tu, nikabaki mtaalamu.

"Ni Kiswahili, mwalimu," nikasema. "Cha Bukavu. Na bado sijasema amina."

Nikainama tena, nikaisema kwa nguvu zote.