Hema la Familia

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema "tumewapa watazamaji wanachotaka," damu hunichemka.

Maneno kama hayo niliyasikia Maskati, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kaka yangu alipokuwa akicheza mechi yake ya mwisho ya mpira wa magongo. Ilichezwa nje, baada ya alasiri, na waliopigiwa debe ni wachezaji wa kulipwa kutoka Pakistani. Sisi tulimfuata kaka. Mama alimfuata kuliko sote, kwa sababu presha ya macho ilikuwa ikimla nuru kidogo kidogo, na daktari alishatwambia haitarudi. Miaka yote alikaa mkekani, ukingoni mwa kiwanja, chupa ya chai ubavuni. Mwenyewe aliucheza mpira huo skuli, Unguja, na mtu akipoteza pasi alimtukana kwa Kiswahili, hata kama ni Mpakistani. Kwa karibu vile, bado aliuona mpira mweupe.

Siku chache kabla ya mechi, kijana wa kamati ya mechi alipita nyumba za jamaa zetu, mitaa ya Ruwi mpaka Ghubra, akiuliza familia za wachezaji zinataka nini uwanjani. Kwetu mama alimwekea halua na kahawa, akamjibu kama anavyojibiwa mgeni: "Chochote mtakachotupa, mwanangu, sisi tumeridhika." Nyumba zote zilimjibu hivyo hivyo. Na yeye, mtoto wa Kizanzibari aliyelelewa na mama kama huyu, akayachukua maneno kama yalivyo! Hakujua kwamba mgeni hajibiwi vingine? Alijua sana. Ilimfaa asijue.

Siku yenyewe tukakuta ukingoni kumepangwa makochi ya wakubwa. Familia tukaelekezwa kwenye hema lililozibwa pande zote, AC inavuma, sambusa, juisi, na televisheni ya kutuonyesha mechi iliyokuwa ikichezwa nyuma ya turubai. Nikamwambia mlinzi kwamba mama haoni televisheni. Akasema amri ni familia zote hemani. Nikaanza kupandisha sauti, mama akanivuta mkono. "Usinitie aibu mbele za watu."

Tukakaa. Mama aliikodolea macho ile televisheni, akaona mwangaza tu. Kipindi cha pili tukasikia gongo likilia, halafu uwanja ukalipuka.

"Nani kafunga?"

Kwenye televisheni walikuwa wakionyesha makochi, bwana mmoja anakunywa kahawa.

"Nani kafunga, wewe! Nambie!"

Nikatoka mbio kuuliza. Alikuwa kaka. Kafunga hatua chache tu kutoka alipokaa mama yake.

Mechi ilipokwisha, kijana wa kamati akaingia anachekacheka. "Mama, mmefurahi?"

"Tumefurahi, mwanangu. Mungu akulipe."

"Hajafurahi!" nikapiga kelele, hema zima likageuka. "Kakoseshwa bao la mwanawe! Nani aliyekuombeni baridi?"

"Dada, si tuliwauliza? Wenyewe mlisema mmeridhika."

Mama akanifinya ninyamaze.

Mwaka uliofuata waliweka mahema mawili, kwa kuwa familia zimelipenda lile la kwanza. Sisi hatukwenda. Mama alikuwa haoni kitu tena, na bao lile akawa ananiuliza mimi lilikuwaje, mimi niliyekaa naye hemani.