Mahudhurio ya Waliohama

Usiku ule wa kuamkia kikao nililala nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Jedwali langu lilikuwa limekamilika, na lilikuwa zuri jamani, zuri kiasi cha kulivisha pete. Mimi huyu, niliyemaliza kidato cha nne shule ya jioni nikiwa na ndevu za kufugia ndege, ndiye niliyekabidhiwa kupiga simu na kujaza daftari la utafiti wa dawa za presha pale kituoni kwetu. Kundi moja la wagonjwa lilimeza vidonge viwili vya siku zote, kundi la pili kidonge kimoja kipya. Asubuhi kikao kingeamua kipi kitolewe wilaya nzima, na jedwali langu lilisema kidonge kipya kimeshinda kwa mbali. Dokta Rehema, bosi wangu, alilitazama akasema, "Kaka, umetuvusha." Nami sikusubiri hata kikao. Nilikwisha kumwombea mama yangu awe wa kwanza kubadilishiwa dawa, Jumatatu.

Mara niko darasani. Darasa letu lile la jioni, ambalo miaka yote nililiona kwa mwanga wa taa tu. Ila sasa ni mchana, jua kali limejaa madirishani, na bado karabai inawaka juu ya meza. Karabai haivumi. Mbele amesimama Mwalimu Kisaka aliyetufundisha hesabu, ambaye jeneza lake nililibeba mwenyewe mpaka bega likachubuka. Shati lake jeupe limenyooshwa vizuri. Viatu hana.

"Umechelewa, Mzee wa Vitumbua," aliniambia. Ndilo jina alilonibandika, kwa sababu nilikuwa siingii darasani bila mfuko wa vitumbua. "Kaa."

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

Mwalimu Kisaka alikuwa na namna yake ya kuita mahudhurio. Walimu wengine huita majina, waliopo wakaitika, basi. Yeye alianza na viti vitupu. Alinyoosha chaki kwenye kiti akauliza, "Huyu yuko wapi?" na hafungi daftari mpaka mtu aseme anaumwa, au yuko shamba, au kaoa. Siku moja alitukalisha mpaka nikahisi naota mvi pale pale, kisa mtu mmoja ambaye kumbe alikuwa kwa fundi anapimwa suruali.

Sasa anafungua daftari, na daftari ni langu. Jalada la bluu, na lile doa la chai niliyoimwaga mwenyewe.

Darasa limegawanyika. Kushoto wamekaa watu wa vidonge viwili, kulia watu wa kidonge kimoja. Nyuso zao sizioni, wote wameelekea ukutani. Kushoto kuna viti vitupu viwili vitatu. Kulia, kila nikihesabu vinaongezeka. Vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, kama darasa linalosubiri kupigwa deki.

Chaki ikanyooka. "Huyu yuko wapi?"

"Amehama, Mwalimu."

"Na huyu?"

"Amehama."

"Na huyu?"

"Naye amehama."

"Mji gani huo unaowahamisha upande mmoja tu? Nani kakwambia?"

"Nilipiga simu, Mwalimu. Wenyewe walisema..."

Na hapo tuko ofisini, mimi na yeye, au niko peke yangu, simu i sikioni. Sauti ya mwanamke inatoka, ya upole, vile vile ilivyotoka siku ile nikiwa na haraka na kitumbua kimejaa mdomoni: "Mzee? Hatunaye tena hapa, baba." Nauona mkono wangu unaandika: amehama. Sauti ya kijana: "Hatunaye, kaka." Amehama. Sauti ya tatu inakatikakatika, nami naiambia asante sana, siku njema. Siku njema! Kalamu inaandika tu. Na aliyehama, kwa utaratibu wetu, tunamtoa kwenye hesabu.

Tumerudi darasani bila kutembea. Jua lile lile, lakini meno yangu yanagongana.

"Kwa hiyo kidonge kipya kinaua, Mwalimu?"

"Sijasema. Na wewe hujui. Ita pande zote mbili."

Ndipo nikaona, kulia kabisa, kiti kimoja kinashushwa taratibu kutoka mezani, na mtu anakipangusa kwa ncha ya khanga. Naijua ile khanga. Mama yangu anakaa, anaweka mkoba mapajani, kama mtu aliyewahi foleni. Ninamwita. Hageuki. Ninamwita tena, na uso wake unaanza kuelekea ukutani.

Mwalimu akanitia chaki kiganjani. Ilikuwa baridi mpaka mfupani.

"Daftari hili sifungi mimi," alisema. "Huyu yuko wapi?"

Nikaamka. Shuka ungelikamua ukajaza ndoo mbili. Kulikuwa kumekucha; mama yuko uani anapepeta mchele, anaimba vibaya kama kawaida yake, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Sikunawa uso. Nilichukua simu na daftari, nikaanza na yule mama wa kwanza.

"Shikamoo mama. Niliwahi kupiga kumuulizia mzee, ukaniambia hamnaye."

"Marahaba. Ndiyo, baba."

"Nisamehe, mama. Sikuuliza vizuri. Mzee alihama, au...?"

Kuku alilia upande wake.

"Ahamie wapi, mwanangu? Siku uliyopiga tulikuwa tumetoka kumzika. Nikasema, huyu wa hospitali hata pole hana."

Nikampa pole. Nikalikata daftarini lile neno, amehama. Kisha nikampigia Dokta Rehema, nikamwambia jina la mama litoke kwenye orodha ya Jumatatu, na kikao kisianze.

"Kisianze kwa nini? Watu wanakaribia kufika!"

"Dokta," nikasema, "bado naita mahudhurio."