Sakafu Iliyoinuka kwa Mama Mapazia

Kule Mashuuru, nikiwa mtoto, kulikuwa na bwawa dogo la kunyweshea mifugo, lile la kuchimbwa tu na kuachiwa mvua. Mvua ikikosa, bwawa linakauka, na matope ya chini yanapasuka vipande vipande, kila kipande kama sahani, kingo zake zimejikunja juu. Baba alikuwa ananituma nipeleke punda wetu hata siku zile maji hayako, kwa sababu punda alishazoea njia, na usipompeleka analia mpaka majirani wakasirike. Basi punda ananusanusa pale, mimi navua viatu, naongopa, viatu sikuwa navyo, natembea juu ya zile sahani za matope. Zingine zinabeba mtoto. Zingine zinavunjika, na chini yake kuna ubaridi fulani, kama mtu ameficha maji huko.

Jua likipanda, zile sahani zinalia zenyewe. Tak. Unanyamaza. Tak, upande mwingine. Hakuna mtu, hakuna mnyama, punda amesimama tu. Nilikuwa nalala chali katikati ya bwawa nikisikiliza, mawingu yanapita polepole yakienda upande wa Amboseli, na nikawa naona kama ni mimi ndio nasonga, mawingu yamesimama. Siku moja mzee wa Kimasai alinikuta hapo. Niliinuka haraka nikainamisha kichwa, maana mtoto husalimia mzee hivyo kwao, naye akaweka mkono juu ya kichwa changu akauacha hapo kidogo. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia chini inaongea. Hakucheka. Alisema, "Inaita maji," akaenda zake na ng'ombe wake.

Nimekaa na hiyo sauti miaka yote. Nimevuna vitunguu Kimana, nimeuza makaa, nimelinda maghala ya watu, nikaoa, nikazika mke, na sikuwahi kuisikia tena mpaka nilipokuja kuzeekea Kitengela kwa dada yangu. Na hapo niliisikia ndani ya nyumba, mchana, watu wamefumba macho wanaomba.

Dada yangu anajulikana huku kama Mama Mapazia, kwa sababu aliuza mapazia ya mtumba sokoni mpaka magoti yakakataa. Mtu wa mapazia ana macho mabaya. Akiingia kwako anaangalia kwanza kama pindo limenyooka, ndipo akusalimie. Alijenga nyumba yake mwenyewe, chumba baada ya chumba, juu ya ule udongo mweusi wa Kitengela unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na mimi akanipa chumba cha nyuma. Ilibaki sakafu ya sebule. Alitaka taili nyeupe zenye michirizi ya kijivu, kama mawingu.

Fundi aliyekuja alikuwa mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya, amefiwa na mke kama mimi, mrefu, mpole, anafanya kazi akiimba nyimbo za kanisa kwa pua. Alikuja na mkebe wa kahawa umejaa visalaba vidogo vya plastiki. Hivyo visalaba huwekwa mahali pembe za taili zinapokutana, ili ibaki nafasi nyembamba kati ya taili na taili. Baadaye ile nafasi inajazwa simiti laini. Dada alisimama mlangoni akaziangalia taili za kwanza, akakunja uso.

"Fundi, hii mistari ni ya nini?"

"Ni ya kupumua, Mama. Nyumba husonga kidogo. Jua, baridi, mvua."

"Nyumba yangu haisongi. Mstari ni mahali pa uchafu kulala. Mimi nataka kitu kimoja, kama kitambaa bila mshono."

"Mama, hakuna kitambaa kikubwa namna hii bila mshono."

"Wewe umeuza vitambaa lini?"

Fundi alicheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyesahau kwamba bado anaweza kucheka. Dada naye, huyu dada yangu ambaye hata picha ya arusi yake alikaa kama anaapishwa, nikaona mdomo wake unatikisika. Aliingia ndani haraka.

Fundi alivitoa visalaba kimoja kimoja, akavirudisha kwenye mkebe. Akazibana taili mpaka hata wembe haungepita, na kule kwa kuta akazisukuma zikagusa kabisa. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo.

"Si utaharibu?" nikamwuliza.

Alikuwa anaangalia mlango ambao dada alipitia. "Mzee, huyu mama amewahi kukatazwa kitu na mtu?"

"Sijaona."

"Basi mimi sitaki kuwa wa kwanza."

Alifanya kazi akirudi nyuma, kama mafundi wa taili wote, mpaka akajikuta nje ya mlango amepiga magoti juu ya changarawe. Mkebe aliuacha juu ya kabati ya vyombo. Pimamaji yake, ile ya kupimia kama taili zimelala sawa, aliiacha nyuma ya mlango. Nilijua hapo kwamba huyu mtu atarudi.

Alirudi Jumapili, ati kuangalia kama simiti imeshika. Akarudi Jumapili iliyofuata, bila sababu. Chai ikapikwa. Akaanza kuniita shemeji, kwanza kwa mzaha, halafu mzaha ukaisha na jina likabaki. Dada aliacha kumwita fundi. Alikuwa anamwita "mzee wangu", kwa sauti ya chini, akidhani sisikii.

Na ile sakafu, nitaisema vipi. Saa sita mchana, mlango ukiwa wazi, anga lote lilikuwa linaingia sebuleni linalala chini. Ungeona mawingu ya juu na mawingu ya taili yamechanganyika, na kuku akipita mlangoni ni kama anatembea mbinguni. Mimi nilikuwa naingia hapo na soksi, nalala chali kwa sababu ya joto, mgongo unapoa, na nikifumba macho sijui kama niko Kitengela au niko Mashuuru na punda ananingoja. Mara nyingi niliwakuta hao wawili wamekaa kimya, kila mtu na kikombe chake, wanaangalia sakafu kama watu wameketi kando ya ziwa.

Sasa akina mama wa kanisa wakasikia. Huko kwao mwanamume hafichwi. Lazima aletwe, akae, aombewe, aangaliwe. Wakimkubali, wanaenda naye kwa pasta. Wasipomkubali hawasemi kitu, lakini utaona umeachwa nje ya arusi za watu na matanga ya watu, na kwa mwanamke wa umri wa dada yangu hayo ndiyo maisha yenyewe. Ikapangwa waje Jumamosi, hapo nyumbani.

"Kaka," dada aliniambia, akichambua mchele, "huyu ndiye wa mwisho. Wakimpitisha, nitazeeka na mtu wa kunywa chai naye."

"Mimi si nakunywa?"

"Wewe unakunywa ukiwa umelala."

Alitaka sakafu ing'ae kuliko siku ya kwanza. Mzee wake alimwambia apitishe kitambaa tu na maji kidogo. Lakini dada alishasikia kwamba kuna watu wa kampuni, wanasafisha nyumba za wakubwa, na siku ya Ijumaa wakafika, vijana wa fulana za kijani na mashine inayonguruma na kutoa maji moto. Walimwaga dawa ya kutoa madoa ya simiti, ile inayokwaruza koo, wakamwaga maji, wakazungusha brashi, wakamwaga tena. Maji yalijaa sebule mpaka kizingitini. Nilikaa nje chini ya tangi, nikawaona ndani ya ule mvuke wakipita kama watu wa ndotoni, fulana zinaonekana, miguu haionekani. Walipoondoka, sakafu ilikuwa inawaka. Dada alisimama mlangoni muda mrefu. Hata mimi niliogopa kuikanyaga.

Jumamosi jua liliamka na hasira, mabati yakaanza kulia mapema. Akina mama walikuja na lesu zao na vyakula vyao, wakavua viatu nje bila kuambiwa, wakaingia polepole wakishikana mikono, kama watu wanaovuka mto. "Ai, Mama Mapazia! Hapa ni hoteli ama ni kwako?" Dada akajifanya hajasikia, lakini shingo ilirefuka. Mzee wake alikaa karibu na mlango, koti limempita mabega, miguu mitupu imepangwa pamoja. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti nzuri, akasema tuombe.

Tak.

Nilidhani ni usingizi. Tak, upande wa jikoni. Nikafungua macho. Shemeji alikuwa ameshafungua yake. Tuliangaliana juu ya vichwa vyote vilivyoinama, na akafanya hivi na kichwa, kidogo tu, kama kusema usiwaamshe. Katikati ya sebule taili mbili zilikuwa zinainuka taratibu, zinaegemeana, kama viganja vya mtu anayeomba. Sikuogopa. Nilisikia ule ubaridi wa bwawa kwenye nyayo, na nikamkumbuka yule mzee, na nikawa nangoja kusikia inaita nini.

Halafu zikapasuka kwa mshindo.

"Shetani ashindwe!" Mwenyekiti alikuwa juu ya kiti.

"Shetani gani, ni taili!"

"Taili inaruka?"

Na zikafuata zingine, mstari mzima kuelekea jikoni, kama fuko anapita chini. Chai ilimwagika. Mmoja alianza kucheka akashindwa kuacha. Dada yangu alisimama hapo katikati na birika mkononi, na uso wake sitaki kuukumbuka.

Kijana wa fulana ya kijani aliitwa kwa simu, akaja na bodaboda. Akachuchumaa, akainua kipande kimoja, akakigeuza.

"Mathe, sisi tulisafisha. Hatukuinua."

"Jana zilikuwa zimelala!"

"Zilikuwa zimelala vibaya. Cheki, zimebanana. Hata kwa ukuta zimeshika. Zikipata joto zitaenda wapi? Lazima ziruke."

"Na mbona mlimwaga maji moto na mliona zimebanana?" Mwenyekiti alimwuliza.

"Mama, sisi huitwa kusafisha. Hatuitwi kukagua."

"Kwa hivyo ni nani alikosa?"

Kijana aliinua mabega, akamtazama mwenye koti. Wote wakamtazama mwenye koti.

"Mimi nilikuwepo siku hiyo," nikaanza.

"Kaka, nyamaza," dada akasema. "Wewe ulikuwa umelala." Wakacheka, na maneno yangu yakaishia hapo. Akina mama wakicheka pamoja huwezi kupita.

Mpaka leo nikifikiria naona kila mtu na lake. Vijana na maji yao. Udongo mweusi nao, haujawahi kutulia hata siku moja tangu Mungu auweke. Dada na kitambaa chake bila mshono. Na yeye fundi, kwa sababu alijua, akafanya. Lakini siku hiyo hawakuwa wanatafuta kila mtu. Walikuwa wanatafuta mmoja.

Mwenyekiti alishuka kwenye kiti, akauliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Baba, hii kazi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hukuacha nafasi kati yao?"

"Sikuacha."

"Kwa nini?"

Alimtazama dada yangu. Hakumtazama kwa ukali. Alimngoja, kama mtu anayemshikia mwingine mlango. Neno moja lingetosha. Angesema tu, mimi nilimwambia, na akina mama wangecheka hadi jioni, na zile taili zingetolewa, na Jumapili chai ingepikwa. Niliona dada analitafuta hilo neno. Niliona pia anawaangalia wale wanawake, mmoja mmoja.

"Jibu, fundi," akasema. "Wewe ndiye unajua kazi yako. Mimi nilikuwa muuza mapazia."

Fundi. Kwa mara ya kwanza baada ya zile Jumapili zote.

Alicheka, kile kicheko cha chini cha siku ya kwanza. Akainuka, akazunguka taili zilizosimama bila kuzigusa, akanyoosha mkono juu ya kabati ya vyombo akachukua ule mkebe wa kahawa. Visalaba vililia ndani. Dada yangu akashika meza. Alijua kilichokuwa humo, na kama mkebe ungefunguliwa mbele ya wale mama na maneno yakasemwa, angejificha wapi? Sote tulingoja. Yeye aliuweka chini ya kwapa, akachukua pimamaji nyuma ya mlango, akatoka.

Alivaa viatu akiwa amekaa kizingitini, polepole, akifunga kamba kama mtu aliye kwake.

"Unaenda kutafuta simiti?" dada aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya Jumapili. "Mzee wangu? Nikuwekee chai?"

"Kunywa wewe, Mama Mapazia. Itapoa."

Nilimfuata mpaka kwenye lango. Hakuniita shemeji. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, mtu mzima mimi, mzee kumpita, akauacha hapo kidogo. Halafu akashika njia ya maramu, vumbi linamfikia magotini, joto limefanya barabara kama maji, hata miguu yake nikaacha kuiona. Mkebe niliendelea kuusikia. Nyuma yangu dada alikuwa anaweka kikombe cha ziada mezani, anakifunika na sahani. Fundi alipofika pale pa kuuzia maji, alikata kona, na hakurudi tena.