Tundu Lisilo na Mlaji

Maabara nzima tunamwita Mama Mifupa, naye anaitika bila kinyongo. Hulainisha vipande vya mifupa ya wagonjwa kwenye asidi kwa siku kadhaa, kisha huvikata vyembamba kama ngozi ya kitunguu ili daktari avisome kwa hadubini. Kujua kama kipande kimelainika, hukikunja taratibu kwa vidole. Ole wako ukikichoma sindano kupima ulaini: "Uvivu huo! Unamtoboa mtu wa watu!" Vidole vyenyewe vimepinda kwa baridi yabisi, na kila asubuhi huvikanda kimya kimya kabla ya kuvaa glavu.

Juzi daktari aliona matundu kwenye kipande kimoja, akaandika kwamba uvimbe umeanza kula mfupa wa fundi cherehani mmoja, ambaye alikuwa nje kwenye benchi akisubiri majibu. Mama Mifupa akaomba kutazama. Alitazama muda mrefu, midomo ikichezacheza kama mtu asomaye barua.

"Mwanangu, mfupa hauliwi hivi hivi. Uvimbe hutuma ujumbe kwanza, ndipo seli zinazokula mfupa zije. Nionyeshe mlaji mmoja tu kwenye matundu haya."

Daktari akainama, akatafuta, akakosa.

"Sasa nani katoboa?" akauliza daktari.

Sisi vijana tukatazamana, kila mmoja akijitoa kwa macho. Mama Mifupa akavua glavu, akaiweka mikono yake mezani mbele yetu sote.

"Mimi," akasema. "Siku ya kukipima kipande hiki, vidole viligoma kukikunja. Futa ulichoandika, nami nikakate kipande kingine."